Wanapima kwanza ndo wanachoma: baba yangu na kituo chetu cha kusafisha damu

Naandika kwa ajili ya wanaouguza, maana mwaka jana mimi nilitafuta maelezo kama haya nikakosa. Baba yupo kwenye mashine mara tatu kwa wiki, masaa manne manne, hapa hapa Dar, na kituo tulichopo sasa ni cha pili. Jina silitaji, wala la kile cha kwanza, nasema tu wanavyofanya kazi.

Kitu nilichochelewa kukijua: figo sio za kuchuja tu, zinatoa na homoni inaitwa EPO, hiyo ndo inauambia uboho wa kwenye mifupa utengeneze damu. Figo zikifa homoni nayo inaisha, mgonjwa atakula maini na matembele kila siku na HB (kile kipimo cha wingi wa damu) itabaki chini vile vile. Kule kwa kwanza hatukuambiwa. Utaratibu wao ilikuwa baba ashuke weee mpaka anahema akienda chooni, ndo tunaambiwa leteni wachangia damu, wanapigiwa simu wajomba na mabinamu, anawekewa chupa mbili, anachangamka wiki tatu, tunarudi pale pale. Mara nne tumefanya hivyo! Kumbe kila damu ya mtu mwingine inaweza kumtengenezea mgonjwa kinga za kuja kuikataa figo siku akipandikizwa. Hiyo nimekuja kuisikia huku kituo cha pili, nikanyamaza kimya, maana tulikuwa tunamfikiria mdogo wangu ndo amtolee.

Sindano ya EPO tuliandikiwa ndio, ila tunanunua wenyewe duka la dawa, naitia kwenye pochi, daladala mbili, jua la saa saba, inafika ya moto. Dawa ile inatakiwa kwenye friji nyuzi 2 mpaka 8, isigande, isitikiswe. Hakuna hata siku moja niliyoulizwa umeibebaje.

Sasa huku. Siku ya kwanza sista kamwamkia baba, kamvuta kope la chini akaangalia, kaangalia na viganja, halafu akachukua damu ya vipimo kabla hajamuunga kwenye mashine. Majibu yakaja HB 6.8, na akiba ya chuma, ile wanaita feritini, 64, yaani iko chini. Daktari akasema hapa nikikimbilia EPO peke yake tunapoteza hela, "fundi yupo saiti lakini tofali hamna, atakaa anywe chai tu." Basi baba akaanza kuwekewa chuma cha dripu, miligramu 100 kila akija mpaka zikafika mara kumi, na dripu ya kwanza sista alikaa pembeni anampima presha kwa sababu kuna wanaopata mzio. EPO nayo yuniti 4000 kila akija, inapitishwa kwenye mpira wa mashine so hachomwi tena mkono. HB kila mwezi: 7.9, 9.1, 10.4. Hakuna chupa hata moja. Juzi kapanda ngazi za kwa dada ghorofa ya pili, kasimama mara moja tu, tena alikuwa anapokea simu.

Ilipofika 11.7 wakapunguza dozi na mimi nikaanza ubishi, si muiache ifike 14 kama yangu? Dokta kanielewesha taratibu kwamba kwa mtu wa dialisisi, yaani huku kusafishwa damu, wanalenga kama 10 mpaka 11 na nusu, ukiisukuma ikapita 13 unamtafutia kiharusi, na sindano yenyewe inapandisha presha. Sawa, nilikubali.

Kitu kingine ambacho wengi hawakiangalii ni mwisho wa kusafisha. Huku sista haharakishi, anairudisha damu kwa maji ya dripu mpaka ile mipira inatoka kwenye wekundu inakuwa kama juisi ya tikiti, halafu inakaribia weupe kabisa, ndo anafunga. Kule kwa kwanza nilishaona chujio limeganda linatupwa na damu yote ndani, tena sio mara moja, afu jioni tunashangaa mzee kaishiwa nguvu.

Na mtu wa lishe wanaye. Shangazi alikuja na lita mbili za rozela iliyochanganywa na bitiruti, eti inaongeza damu, yule dada kamwambia kwa adabu kabisa kwamba mgonjwa huyu maji anapimiwa, na bitiruti ina potasiamu nyingi ambayo inaweza kusimamisha moyo wake. Shangazi alinuna mpaka leo.

Nyota ya tano nimewanyima na sababu ninazo. Kuna kipindi EPO iliisha kituoni wiki mbili hawakutuambia, tumekuja kugundua HB imerudi 9.3 ndo sista anasema "jamani ilikata," sasa si mngesema tukanunue wenyewe na kopo la barafu? Majibu ya vipimo hawakupi karatasi mpaka uombe, mimi nimenunua daftari naandika mwenyewe tarehe, HB, feritini na dozi, na lile daftari lilisaidia mwezi ambao HB iligoma kupanda japo dozi ni ile ile, dokta alipoliona akaanza kutafuta maambukizi, na kweli katheta, ule mpira aliowekewa kwenye mshipa mkubwa wa kuungia mashine, ilikuwa na usaha (fistula, yaani mishipa ya mkono inayounganishwa kwa upasuaji ili itumike badala ya mpira, ilikuwa bado haijakomaa). Bei za sindano kwa wasio na bima hazijabandikwa popote, unaambiwa ukifika dirishani.

Na ile AC jamani. Watu wana damu pungufu, baridi wanaisikia mara mbili, lakini wameiweka kama bucha. Njooni na blanketi na soksi.