Mkahawa wa Oda Zinazokosewa, Tokyo

Mkahawa huu, uliofunguliwa Tokyo kwa siku chache mwaka 2017 kwa juhudi za mtayarishaji wa vipindi vya televisheni Shiro Oguni, uliwapa watu wenye dimensia, yaani maradhi ya kupoteza kumbukumbu, kazi ya kuhudumia wateja, huku jina lake likitahadharisha kwamba oda huenda ikakosewa. Hapo ndipo ninapoona ubora wake: haukumficha mgonjwa wala kumlazimisha ajifanye mzima, bali uliwataka wateja waje na subira. Makosa hayakupangwa kwa makusudi, jambo ninalolisifu sana, na chakula kilitakiwa kiwe kitamu hata kikifika meza isiyokiagiza. Kasoro yake kubwa ni ufupi wa muda, kwa sababu mzee anayesahau huhitaji mapokezi hayo mtaani kwake kila siku.