Ukitaka kuchora mbega na majani ya sale, ule mmea wa mipakani Uchagani, anza na karatasi

Ukiingia duka lolote la steshenari hapa Moshi kutafuta vifaa vya kuchorea, jicho hukimbilia boksi la rangi. Na mimi nilianzia huko. Nilinunua rangi ishirini na nne, nikarudi nyumbani, nikamchora mbega niliyemwona msitu wa Rau kwenye karatasi ya fotokopi. Mwili nikaukoleza kwa peni ya jeli, halafu nikapitisha brashi yenye maji kwenye yale manyoya meupe ya mgongoni. Wino ukachuruzika. Mbega wangu akawa kama amelala mekoni kwenye majivu, na karatasi ikajikunja kama chapati iliyosahaulika juani.

Kwa hiyo kwenye orodha yangu ya vifaa vya kuchorea karatasi ndiyo ya kwanza, na sina mjadala na mtu. Ya fotokopi kwa kawaida ni gramu 80 kwa mita moja ya mraba. Inafaa kufanyia mazoezi ya penseli, basi. Karatasi ya rangi za maji mara nyingi ni gramu 300, na weupe wa manyoya ya mbega unatoka humo: huupaki, unauacha. Manila iko katikati. Inabeba penseli na kalamu vizuri, ila usiimwagie maji. Ukikosa ya 300 mjini, muagize mtu anayekwenda Dar akuletee shiti moja kubwa uikate vipande vinane. Kabla ya kulipa, omba ruhusa, ulowanishe kidole na kukigusisha pembeni. Tone likizama papo hapo na kuacha doa lenye nywelenywele, hiyo karatasi itakunywa na rangi yako vilevile.

Ya pili ni kalamu ya wino usioyeyuka. Ichoree mstari, subiri dakika moja, pitisha kidole chenye maji. Peni za jeli nyingi zinafeli hapo. Peni ya kawaida ya mwanafunzi, kwa kuwa wino wake una mafuta, inavumilia maji zaidi kuliko watu wanavyodhani, lakini ukutani jua litaufifisha. Penseli chukua HB ya kuanzia na 2B ya vivuli. Zaidi ya hapo ni mapambo ya kikebe.

Rangi za maji nimezipa nafasi ya tatu. Nunua chache zilizo bora kuliko nyingi za kitoto zinazoacha ungaunga zikikauka: manjano, nyekundu, bluu na kahawia zinatosha kuanzia. Kijani cha boksi huwa kama beseni la plastiki. Kijani cha mgomba kichanganye mwenyewe kwa manjano na bluu, halafu tia nyekundu kidogo sana, kama chumvi kwenye chai, ili kitulie. Waridi na zambarau ndizo za kuchunguza hasa, maana nyingi hupauka mapema. Paka mstari, funika nusu yake kwa manila, ubandike dirisha linalopigwa na jua kwa mwezi mmoja. Ukifunua na kuona nusu mbili tofauti, usimuuzie mtu jakaranda uliyoichora kwa rangi hiyo.

Penseli za rangi ni za nne, ingawa kwa mtoto, au kwa mtu anayechorea kitandani, ningezipandisha hadi ya pili. Angalia tu risasi iwe katikati ya mti.

Rangi ya mafuta, ile ya makopo ya fundi, ni ya tano. Mchoraji Edward Saidi Tingatinga aliitumia juu ya vibao vya hadibodi Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960, na mitaa ya Arusha yenye watalii bado imejaa twiga na ndege wa mtindo huo. Inang'aa, na kwa mnyama mzima haina mpinzani. Kwa mishipa ya jani ni nzito, na harufu yake haifai chumba cha kulala.

Kishikwambi chenye kalamu yake nimekiweka mwisho, nikijua vijana watanipinga. Wanasema bila hicho huwezi kutengeneza patani ya kitenge. Unaweza. Chora jani la sale katikati ya karatasi ya mraba, lisifike kingo. Kata karatasi wima katikati, ubadilishane nafasi za vipande: cha kushoto kiende kulia. Gundisha kwa selotepu kwa nyuma. Kisha kata kwa mlalo, fanya vilevile, cha juu kiende chini. Sasa pengo liko katikati. Lijaze kwa jani lingine au ndege. Peleka fotokopi, toa kopi nne, zikate pembezoni na kuzipanga bega kwa bega. Mshipa wa jani ukivuka kutoka kopi hadi kopi bila kuruka, patani yako imekubali, na pesa ya kishikwambi bado unayo mfukoni.