Tathmini: kuipandisha laptopu ya mwaka 2012 kutoka Debian 10 hadi Debian 13

Kompyuta yenye Debian 10, mfumo endeshi huru wa familia ya Linux, huwaka na kufanya kazi kama kawaida hata leo, na ndiyo maana wengi husahau kwamba toleo hilo lilikwisha kuachwa. Lilitoka tarehe 6 Julai 2019, na huduma yake ya marekebisho ya muda mrefu ilikoma tarehe 30 Juni 2024. Tangu hapo, mradi wa Debian hautumi tena kiraka (rekebisho la kasoro) chochote kwa kerneli yake, yaani kiini cha mfumo, ya 4.19 wala kwa kivinjari chake cha Firefox kilichoishia toleo la 115, hivyo kila udhaifu wa usalama unaogunduliwa baada ya tarehe hiyo unabaki wazi. Mwenye mashine ya namna hii ana njia mbili: kufuta kila kitu na kusakinisha upya, au kupanda toleo kwa toleo huku mafaili na mipangilio yake ikibaki mahali pake. Nimeipitia njia ya pili kuanzia mwanzo hadi mwisho, na naipendekeza kwa yeyote aliye tayari kusoma maelekezo kabla ya kubonyeza chochote.

Mashine yenyewe ni ThinkPad T430 yenye kumbukumbu (RAM) ya GB 4 na diski ya kuzunguka, na mazingira yake ya mezani, yaani madirisha na menyu anazoziona mtumiaji, ni Xfce. Inatumika katika duka la steshenari mjini Iringa, ambako huchapa barua za wateja, huunganishwa na printa, na wanafunzi huitegemea kujaza maombi yao mtandaoni. Katika kazi kama hiyo mipangilio iliyojengwa kwa miaka ina thamani kubwa kuliko mfumo wenyewe: namna printa zilivyowekwa, fonti, violezo vya barua za maombi ya kazi, na folda za wateja wanaorudi kila msimu. Kuyafuta yote hayo na kuyapanga upya kungefunga duka kwa muda mrefu kuliko huko kupanda kwenyewe.

Debian hairuhusu kuruka toleo. Aliye kwenye 10 lazima aende 11, lililotoka Agosti 2021, kisha 12 la Juni 2023, ndipo afike 13, lililotolewa tarehe 9 Agosti 2025. Wapo watakaoona huu ni usumbufu, lakini mimi nauhesabu kuwa uaminifu, kwa kuwa watengenezaji hujaribu kuhama kutoka toleo moja hadi linalofuata tu, na hawaahidi wasichokijaribu. Baada ya kila hatua mashine inawashwa upya, printa inajaribiwa, kivinjari kinafunguliwa, na kasoro ikionekana inajulikana imetokea katika hatua ipi.

Kazi nzito iko mwanzoni. Vifurushi, yaani programu zilizofungashwa tayari kusakinishwa, vya toleo lililoachwa huondolewa kwenye seva za kawaida na kuhamishiwa archive.debian.org, kwa hiyo mtu anayejaribu kusasisha Debian 10 hukutana na ujumbe wa kosa namba 404 na kudhani intaneti yake imekatika. Tiba ni kufungua faili la /etc/apt/sources.list, lenye orodha ya seva za kuvutia vifurushi, kuielekeza mashine kwenye hifadhi hiyo ya kale, kuvuta masasisho ya mwisho yaliyobaki, na baada ya hapo kurudisha anwani ya kawaida huku jina la buster, ambalo ni jina la toleo la 10, likibadilishwa kuwa bullseye, jina la toleo la 11. Hapa pana mtego ambao kila mwenye Debian 10 anapaswa kuujua. Katika toleo la 10, mstari wa masasisho ya usalama husomeka buster/updates, na kuanzia toleo la 11 mtindo huo ulibadilika ukawa bullseye-security. Anayebadilisha jina peke yake hupata bullseye/updates, mahali ambapo hapapo kabisa, na apt, programu inayosakinisha na kusasisha vifurushi, humjibu kwamba hifadhi hiyo haina faili la Release. Mwenye haraka huufuta mstari huo ili kosa liondoke, kisha hubaki na mfumo mpya usiopokea masasisho ya usalama, yaani ameondoa kile kile alichokuwa akikitafuta.

Mtego huo umeandikwa waziwazi katika Maelezo ya Toleo, hati ambayo Debian huichapisha pamoja na kila toleo jipya, na kwa maoni yangu hati hiyo ndiyo sehemu bora ya huduma nzima. Inaeleza jinsi ya kupima nafasi ya diski kabla ya kuanza, jinsi ya kurekodi kila kinachotokea kwenye terminali (dirisha la kuandikia amri), vifurushi gani vimeondolewa, na nini kifanyike pakiharibika. Masikitiko yangu ni kwamba haipatikani kwa Kiswahili. Fundi wa mtaani anayeijua kazi yake vizuri lakini anasoma Kiingereza kwa shida anakosa msaada ambao ungemfaa kuliko mtu mwingine yeyote, na wasomaji wanaozimudu lugha zote mbili wangetenda jema kubwa wakijitolea kuitafsiri.

Upandaji wenyewe hufanywa kwa amri mbili. Ya kwanza, apt upgrade --without-new-pkgs, husasisha vile visivyohitaji kuongeza kifurushi kipya. Ya pili, apt full-upgrade, humalizia vilivyobaki, na hiyo inaweza pia kuondoa vifurushi, kwa hiyo orodha inayotokea kwenye skrini isomwe yote kabla ya kukubali. Katikati ya kazi, mfumo husimama na kuuliza maswali. Ukifika kwenye faili la mipangilio ya printa liitwalo cups-browsed.conf, kwa mfano, ikiwa fundi aliwahi kulihariri ili kuzuia printa zisizotakiwa zisijitokeze zenyewe, skrini itaonyesha kwamba faili hilo limebadilishwa na mtumiaji na kwamba toleo jipya limeletwa, kisha itatoa machaguo: Y kulipokea jipya, N kubaki na la zamani, D kuonyesha tofauti zake. Asipochagua kitu, N ndiyo inayofuatwa. Napenda sana utaratibu huu, kwa kuwa mfumo unaheshimu mkono wa mwenye mashine na hauandiki juu ya kazi yake kimyakimya. Ubaya wake ni kwamba huwezi kuiacha mashine ikijiendesha ukaenda kulala, maana swali moja lisilojibiwa husimamisha kila kitu.

Hatua ya kufikia 12 ina jambo moja la kuangaliwa. Programu zisizo huru zinazoendesha vifaa vya ndani ya kompyuta (firmware), ikiwamo ile inayohitajiwa na waifai ya Intel iliyomo ndani ya T430, zilihamishiwa sehemu mpya iitwayo non-free-firmware. Asiyeiongeza sehemu hiyo kwenye sources.list anaweza kuona waifai ikiendelea kufanya kazi na kudhani mambo yamekwisha, ilhali programu ya kifaa hicho haitapokea marekebisho tena. Kwenye 13, folda ya /tmp, ya mafaili ya muda, huwekwa ndani ya kumbukumbu badala ya diski, na inaweza kuchukua hadi nusu yake. Kwa mashine ya GB 4 hilo si jambo dogo, hasa pale duka linapochakata picha kubwa zilizoskaniwa. Amri ya systemctl mask tmp.mount, ikifuatiwa na kuwasha upya, huirudisha kwenye diski.

Gharama halisi iko kwenye bando. Mashine yenye mazingira ya mezani huvuta takriban gigabaiti moja au zaidi kwa kila hatua, na hatua ni tatu, kwa hiyo bando la usiku au waifai ya mahali pengine ni vya kufikiriwa mapema. Betri nayo iwe nzima. Umeme ukikatika vifurushi vikiwa vinafunguliwa, mashine inaweza kubaki nusu huku nusu kule. Mara nyingi amri za dpkg --configure -a na kisha apt --fix-broken install huiokoa, lakini nakala rudufu kwenye diski ya nje haina mbadala.

Matokeo yameniridhisha. Kerneli sasa ni 6.12, LibreOffice imetoka 6.1 hadi 25.2 na inafungua vizuri zaidi nyaraka ambazo wateja huleta kwenye flashi, na kivinjari kinapokea tena masasisho. Printa na folda zote zimebaki. Kasi haikuongezeka, na anayetafuta kasi anunue diski ya SSD, isiyo na sehemu zinazozunguka. Skripti (programu fupi) za kale zilizoandikwa kwa lugha ya Python 2 zitagoma, kwa kuwa lugha hiyo iliondolewa tangu toleo la 12. Marekebisho ya 13, pamoja na yale ya muda mrefu, yamepangwa kufika Juni 2030.

Kabla ya kuanza, endesha kwenye terminali amri ya uname -m, inayoonyesha aina ya mfumo. Ikijibu x86_64, njia niliyoieleza inakufaa yote. Ikijibu i686, mfumo wako ni wa biti 32 na utaishia kwenye 12, kwa sababu Debian 13 haina tena kerneli wala kisakinishi kwa mashine hizo. Hapo endesha lscpu: ikionyesha kwamba prosesa inamudu biti 64 pia, hamisha mafaili yako na usakinishe 13 upya, kwa kuwa katika hali hiyo kupanda hatua kwa hatua ni kupoteza bando.