Basi la Lubumbashi–Kolwezi: dereva namsifu, dirisha silisamehe

Jina la ajensi ya mabasi silitaji. Hasira yangu bado ni mbichi, na mtu mwenye hasira mbichi asipewe nafasi ya kuandika majina ya watu. Wanaopanda mabasi ya Kolwezi kila mwisho wa juma huenda wakaitambua wenyewe, na wasipoitambua, basi wachukue haya kama onyo kwa ajensi zote, maana sidhani kwamba jirani zake wana adabu zaidi.

Mume wangu ni fundi umeme katika kampuni ndogo inayofanya kazi za mgodi mmoja wa Kolwezi, nami ni mhasibu hapa Lubumbashi, kusini mwa Kongo. Tuko wengi tunaoishi hivi. Shaba na kobalti ziko kule, ilhali shule za watoto, wazazi waliozeeka na kazi nyingi za ofisini zimebaki huku. Tangu Katanga igawanywe kuwa majimbo manne mwaka 2015, hata makaratasi yetu yamehitilafiana: yeye yuko Lualaba, mimi niko Haut-Katanga, na kila cheti kinachohitajiwa upande mmoja hukutwa kimelala upande wa pili. Suala la kuhamia Kolwezi sote tumelipigia hesabu mara nyingi, na kila mara hesabu imekataa. Kodi ya nyumba hutajwa kwa dola, mwenye nyumba anataka garanti, yaani amana ya kodi ya miezi kadhaa, mkononi kabla hajakuonyesha funguo, na kile chumba cha mume wangu pale Manika, mtaa wa Kolwezi, hakiwezi kulaza watoto. Kwa hiyo tumebaki na wikendi. Akiwa na zamu, mimi ndiye ninayekwenda. Akiwa huru, yeye ndiye anayekuja kwetu Katuba, hapa Lubumbashi.

Mpango huo wote unategemea basi. Tuna takriban kilomita 300 kati yetu, na safari hiyo tumeizoea. Ninajua mahali ambapo abiria wataomba dereva asimame wanunue makaa, ninajua kwamba Kapolowe wanawake watakimbilia madirisha na samaki, na ninajua kwamba tukifika Likasi lazima kuwe na mtu aliyeshuka kutafuta choo na ambaye wote tutamsubiri huku tukimlaani. Malori nayo tumeyazoea. Yanashuka na shaba kuelekea mpaka wa Kasumbalesa, yanapanda na tindikali, chokaa na mafuta ya migodi, na moja likiharibika kwenye mlima, utaona kwanza matawi ya miti yaliyotandazwa juu ya lami, halafu foleni, halafu watu wameshuka wanapiga soga kama walioalikwa. Katika kipindi cha mvua nimewahi kufika Kolwezi usiku wa manane nikiwa na matope hadi magotini, na sikumlaumu mtu. Barabara haina ahadi na mtu. Ajensi ndiyo iliyoniandikia tiketi yenye saa, ikagonga muhuri, ikachukua pesa yangu.

Mtu asiniambie habari ya treni. Reli ipo, inapita Likasi na Tenke hadi Kolwezi, lakini mwenye kazi Jumatatu asubuhi hawezi kuitegemea. Teksi za pamoja nazo ziko nyingi, zinaondoka zikijaa, na ndani yake utamkuta kijana anayepita malori mawili kwa mpigo kwenye kona, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye simu. Mimi ni mama wa watoto. Ndiyo sababu nilichagua basi, na katika mabasi nikachagua hili, kwa ajili ya dereva mmoja tu.

Huyo dereva ningependa asomewe maneno haya. Ni mzee wa makamo, mpole, ana kawaida ya kuzunguka basi lake na kupiga kila tairi teke kabla ya kuondoka. Abiria wakimpigia kelele kwamba anachelewa kulipita lori, huwajibu bila kugeuka: "Kolwezi haihami." Hapiti kwenye mlima, hapiti kwenye kona, na giza likiingia hupunguza mwendo hata kama vijana wa nyuma wanamzomea. Safari moja mume wangu alipokuwa na malaria na ilikuwa siku ya kazi, nilimkabidhi mzee huyu dawa na supu ndani ya thermosi. Alifika usiku, akampigia mume wangu simu, akasubiri langoni mwa ajensi hadi mwenzake wa chumba alipokuja kuchukua. Thermosi ilirudi imeoshwa. Kwa ajili ya mtu kama huyo, hata kiti kilichopasuka ambacho chuma chake hukuchoma paja tangu Likasi hadi Fungurume unakivumilia.

Sasa nisimulie ya dirishani.

Ilikuwa Ijumaa moja ya mwisho wa mwezi, si muda mrefu uliopita. Nilikuwa nimeomba ruhusa kazini, nimetoka kabla ya wenzangu, tiketi yangu inasema basi litaondoka saa saba mchana. Usiku wa kuamkia siku hiyo nilikuwa nimepika sombe, majani ya muhogo, ile ya kutwangwa kweli kwenye kinu, na mawese na samaki mkavu, kwa sababu mume wangu anasema sombe ya kununua Kolwezi ina mchanga. Niliitia katika sufuria ndogo, nikaifunga mfuniko kwa kamba, nikaizungushia kitenge. Saa saba ilipita. Saa nane ikapita. Uwanjani hapakuwa na basi, ila kijana wa kuosha magari aliyekaa juu ya ndoo yake, na abiria tuliojipanga ukutani tukifuata kivuli kilivyokuwa kinasogea.

Nilimwendea mkata tiketi, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri sana, nikamwuliza kwa heshima: "Samahani kaka, basi la saa saba liko wapi?" Akasema linakuja. Alisema hivyo akitazama simu. Nikarudi ukutani. Nilipokwenda tena, akasema limeenda kutia mafuta. Baadaye kabisa, yule mwosha magari, ambaye hakulipwa kutunza siri za ajensi, ndiye aliyetuambia kwamba basi letu lilikuwa limekodishwa tangu asubuhi kwa msafara wa harusi, limeenda Kipushi na waimbaji na mabibi wa heshima. Nadhani unaona uchungu wake. Ndoa yangu ilikaa ukutani ili ndoa ya wengine ipate usafiri, na aliyefanya biashara hiyo alikwisha kula nauli yetu.

Nikarudi dirishani mara hii bila "samahani". Nilimwambia nirudishiwe pesa nikatafute njia nyingine kabla jua halijazama. Akasema pesa ikiingia hairudi, nitasafiri kesho alfajiri. Nikamwambia kesho alfajiri maana yake nitafika mchana, na mume wangu anaingia zamu ya usiku Jumamosi hiyohiyo, na Jumapili sharti niwe ndani ya basi la kurudi. Sijui kwa nini nilimweleza mambo yangu. Mtu ukikaa juani saa nyingi unaanza kuamini kwamba ukijieleza vizuri utahurumiwa. Hapo ndipo aliponyanyua uso kwa mara ya kwanza, akaitazama ile sufuria, akasema kwa sauti ya kusikika hadi barabarani:

"Mbio ya nini, mama? Kule Kolwezi biro ya pili imekwisha kupika."

Watu wakacheka. Wabeba mizigo walicheka, abiria wawili watatu walicheka, na mwanamke mmoja niliyekuwa nimempa nusu ya kivuli changu alicheka akaficha mdomo kwa kiganja. Biro ya pili ni mwanamke wa kando wa mume wa mtu. Kila mke wa mtu wa Kolwezi ameisikia kauli hiyo: kwa shangazi, kwa majirani, kwa wale marafiki wanaoanza na "mimi sisemi kitu, lakini". Tunajua kwamba mji wa migodi una wanaume wengi wenye mshahara na jioni ndefu, na wanawake wanaolijua jambo hilo. Hatuhitaji kukumbushwa na mtu ambaye kazi yake ni kuandika namba za viti. Mume wangu hajanipa sababu ya kumshuku, na hata angenipa, jambo hilo halihusiani na nauli.

Nilidai kumwona mkubwa wake. Mkubwa akatoka ndani akitafuna, akanisikiliza nusu, akasema, "Mama, ni mchezo tu, vijana wanacheka-cheka," kisha akaagiza niletewe soda. Soda! Nilimwuliza kama soda ile inaingia kwenye hesabu ya ajensi kama fidia au kama zawadi, kwa sababu mimi ni mhasibu na ningependa kujua. Hakuelewa, au alijifanya. Aliporudi ndani, yule kijana alikuwa amekwisha kurudi kwenye simu yake, na karatasi yangu ya tiketi ilikuwa imefutwa saa saba kwa kalamu na kuandikwa "kesho", neno moja, bila saa.

Nilirudi Katuba na sombe yangu. Niliichemsha usiku, nikaichemsha tena alfajiri isiharibike, na tulipoondoka Jumamosi, kwa kuchelewa tena lakini kidogo, nilikuwa nimeipakata kwa hasira hadi mawese yakapenya kitenge na kunichafua sketi. Dereva alikuwa yuleyule mzee. Nilipomsimulia tukiwa Likasi, alinyamaza kwa muda, akasema, "Pole sana, mwanangu. Basi linakodishwa na wakubwa, sisi tunaambiwa barabarani." Nilitaka kumkasirikia naye nikashindwa. Tulifika Kolwezi alasiri. Mume wangu alikula amevaa tayari viatu vya kazi, tukazungumza habari za karo na za mtoto mwenye kikohozi, gari la kampuni likapiga honi nje. Hiyo ndiyo wikendi niliyoilipia.

Hapo awali nilitaka kuandika kwamba ajensi hii isipandwe na mtu yeyote mwenye akili. Sasa nikisoma niliyoandika juu ya dereva, naona haya. Katika barabara ile, dereva asiyependa kifo ni kitu kikubwa kuliko adabu ya mkata tiketi, na atakayeniuliza kwa faragha nitamwambia apande. Apande, lakini anunue tiketi asubuhi, wakati dirishani yuko yule dada mwenye miwani ambaye hukuambia ukweli hata kama ni mbaya. Akatae tiketi isiyo na saa. Na kabla ya kutoka nyumbani Ijumaa apige simu kuuliza kama basi liko uwanjani, si kama "linakuja". Anayejua namba ya dereva ampigie dereva mwenyewe. Mizigo yao pia, lazima niseme, haijawahi kunipotelea.

Lakini kila ninapofika hapo ninamsikia tena yule kijana, na wale waliocheka, na ninajiuliza kwa nini mimi ndiye ninayewatafutia sababu. Ajensi inayojua kuajiri dereva kama yule inajua pia tofauti ya mtu na mtu, kwa hiyo wa dirishani walimweka wakimjua. Niliandika barua, nikabakiza nakala, nikaipeleka kwa mkono na kudai muhuri wa kupokea. Nilitaka mambo mawili: nauli ya Ijumaa ile, na maneno ya kuomba radhi kutoka kwa aliyetukana, ayaseme palepale dirishani kwa sauti ileile. Mpaka sasa sijajibiwa. Mara ya mwisho nilipopita pale, kijana alikuwepo, shati jeupe safari hii, akaniambia "karibu, mama" kana kwamba hatujawahi kuonana.

Kwa hiyo sisemi panda, wala sisemi usipande. Mume wangu anasema nisubiri wiki ya zamu ya yule mzee na nimtume mdogo wangu akanunue tiketi, niepuke maneno. Mimi nimemwambia sijafanya kosa la kunifanya nijifiche nyuma ya mdogo wangu. Mwisho wa mwezi huu nitachukua teksi ya pamoja hadi Likasi, nikae kiti cha mbele nimtazame kijana anayeendesha mwendo wake, na nikiona anakimbiza nitashuka palepale Likasi, nisubiri basi la mzee lipite, nimlipe nauli mkononi mwake.