Napandia Dar, nashukia Dar: uzoefu wangu wa safari za Guangzhou

Nianze na hesabu, maana najua ndiyo mtakayoniuliza kwanza. Mara ya mwisho kukata tiketi ya kwenda Guangzhou, China, kufuata mzigo, tiketi ya kupitia kwa jirani ilikuwa nafuu kwa karibu laki nne kuliko ile ya moja kwa moja kutoka Dar. Kwa mtu anayeuza mikoba ya kike, laki nne ni dazeni kadhaa za pochi ndogo, na pochi ndogo ndizo zinazolipa kodi ya fremu. Nikaiacha ile ya bei nafuu, nikalipa ya juu. Shemeji yangu, tunayeshirikiana naye fremu Mtaa wa Congo, alishika kichwa. "Wewe unapenda uwanja wa ndege kuliko biashara."

Hajakosea sana.

Bibi yangu mzaa mama alikuwa na nyumba Kigilagila, kule Kipawa, jirani kabisa na uwanja. Nimekulia pale. Ndege ikiruka, maongezi yanasimama. Ikishapita, yanaendelea pale pale yalipoachwa, na mgeni anabaki kushangaa. Vikombe vilikuwa vinagongana kabatini mara kadhaa kwa siku na hakuna aliyegeuza shingo. Baadaye uwanja ukahitaji nafasi ya kupanuka, watu wa Kigilagila wakahamishwa, bibi akalipwa chake akaenda kuanza upya Chanika. Kwa hiyo mimi huwa nasema nina hisa pale. Uwanja umekula mwembe wetu, na mimi nitautumia mpaka nishibe. Nikitafuta tiketi naangalia kwanza kama inanipandisha Dar na kunishusha Dar. Na kama hapana budi kubadilisha ndege njiani, nisibadilishie kwa jirani anayejiona ndiye mlango wetu wa kutokea. Bora Dubai au Doha, ambao sina ugomvi nao.

Sikuanza hivyo. Safari yangu ya kwanza nilipitia huko huko kwa jirani. Shirika nalihifadhi, mji nao nauhifadhi. Kwenda hakukuwa na neno: tulitua saa saba usiku, ukumbi umejaa watu wa kila nchi, wengine wamelala chini wamejifunika kanga, na sisi Wabongo tumejikusanya kwenye nguzo moja, tumejuana kwa mabegi ya shangazi kaja. Mama mmoja wa Tandika alitugawia visheti. Kurudi ndiko kulikonitoa jasho. Ndege ya kutoka China ilichelewa, ya Dar ikaniacha, nikakaa pale saa kumi na sita na kuponi ya soda na mkate wenye kitu cha kijani ndani ambacho mpaka leo sijui kilikuwa nini. Nilipofika Dar, begi langu moja halikufika. Na kwenye begi hilo ndimo nilimoweka kadi ya manjano.

Kwa asiyejua, ukitokea nchi yenye hatari ya homa ya manjano, au ukikaa zaidi ya saa kumi na mbili kwenye uwanja wake wa ndege ukisubiri ndege nyingine, ukiingia Tanzania unadaiwa cheti cha chanjo. Kama ningeunganisha kwa saa mbili tatu kama tiketi ilivyosema, nisingekuwa na kesi. Nikapekua simu huku foleni ikinisukuma mgongoni, nikaikuta picha niliyowahi kumtumia wakala wa viza. Yule dada wa dawati la afya akaitazama picha, akanitazama mimi. "Mama, kadi ni kitu cha kuweka kwenye mkoba, siyo kwenye begi."

Mtu mwenyewe nauza mikoba.

Begi lilikuja siku mbili baadaye, zipu imeng'oka, limefungwa kwa gundi ya karatasi.

Sasa kwa nini huko ni bei nafuu? Nimeuliza sana, na jibu ni la stendi tu. Ndege kubwa ya kwenda China haijazwi na watu wa mji mmoja. Addis Ababa, kwa mfano, wanavuta watu wa Dar, Lusaka, Entebbe na Kigali, wote wanatua ndani ya saa chache, wanachanganywa, kisha ndege za mbali zinaondoka zimejaa. Ni stendi ya mabasi ya Mbezi Luis, ila ya angani. Abiria wakiwa wengi, kiti kimoja kinaweza kuuzwa kwa bei ya kumvutia mtu wa Dar akubali kuzunguka. Na kila mtu wa Dar anayekubali kuzunguka anaiongezea nguvu stendi ya mwenzake.

Dar tumekuwa watu wa kuzungushwa kwa muda mrefu. Bibi mpaka leo anasema "ndege za Isti Afrika", yaani East African Airways, lile shirika la pamoja la Kenya, Uganda na sisi lililoanza 1946, makao yake Nairobi. Lilipovunjika 1977 kila nchi ikaanza ya kwake, nasi tukapata letu lenye twiga, Air Tanzania. Likapanda, likashuka, likafika mahali likawa limebaki karibu na jina tu. Halafu 2016 zikaja Bombardier mbili, 2018 ikaja Boeing 787 ya kwanza, ile wanayoiita Dreamliner, na Agosti 2019 likafunguliwa Jengo la Tatu la uwanja wetu, lililojengwa kuhudumia abiria milioni sita kwa mwaka. Niseme ukweli, siku ya kwanza kuingia jengo lile nilitembea taratibu kwa makusudi.

Ushabiki wa mambo haya hapa mjini ni wa Simba na Yanga. Januari 2024, Tanzania ilipotangaza kusimamisha safari za abiria za Kenya Airways kati ya Nairobi na Dar, kisa ni mvutano wa kibali cha ndege yetu ya mizigo, Kariakoo watu waligawanyika mpaka kwenye meza ya kahawa. Muuza kahawa alikuwa upande wa Kenya kwa sababu dada yake kaolewa Mombasa. Yakaisha hata tarehe ya kuanza haijafika, lakini wawili pale hawajasalimiana vizuri mpaka leo.

Safari ya pili ndiyo nikapanda Air Tanzania, Dar mpaka Guangzhou bila kushuka. Hiyo Dreamliner ina viti 262, huku kwetu nyuma mmepangwa tatu tatu tatu, na dirisha lake halina pazia: kuna kitufe chini, unakibonyeza kioo kinaingia bluu nzito taratibu kama maji ya kufulia shuka. Mzee aliyekaa dirishani alilitafuta pazia kwa vidole, juu, chini, pembeni, akanigeukia. "Binti, hawa wamesahau kuweka?" Nikamwonyesha kitufe. Alicheza nacho mpaka mhudumu akamwomba, kwa heshima kabisa, "Baba, watu wanalala." Akaacha kidogo, akaendelea.

Wali na kuku vilikuwa vya kawaida, chai nzuri. Kilichonishika ni Kiswahili. Nimezoea kusikia matangazo ya ndege kama redio ya jirani, unashika neno moja moja. Safari hii ndege inatikisika usiku wa manane juu ya bahari, rubani anazungumza, na mama wa siti ya mbele anajibu "sawa, baba" kama vile anaongea naye uso kwa uso. Ukishaogopa ndege, lugha ni nusu ya mkanda. Na ukitua unatoka hapo hapo na mabegi yako. Nilikuwa Sanyuanli kwenye maduka ya mikoba siku hiyo hiyo, miguu ina nguvu. Safari ya kwanza siku nzima ilinipotea hotelini Xiaobei nikilala mchana kama mgonjwa.

Lakini kabla ya kupanda kuna kitu nilikiona Dar ambacho ndicho hasa kimenifanya niandike.

Nimekaa karibu na lango la kuondokea, nikasikia naitwa, "Mama Mikoba!" Nageuka, ni mteja wangu wa Lubumbashi, kule Kongo. Huyu mama nimemuuzia miaka minne. Alikuwa anakuja na basi kupitia Tunduma, anafika kachoka, anakaa kwenye kistuli changu, anachukua dazeni ishirini, thelathini, analipa bila kelele nyingi. Tukakumbatiana. Nikamuuliza, umekuja kuchukua mzigo? Akacheka. "Hapana, mama. Leo minaenda mwenyewe kule kule." Katoka kwao na ndege ya Air Tanzania, kashukia Dar, anasubiri hiyo hiyo niliyokuwa naisubiri mimi. Nyuma yake kulikuwa na vijana wawili wa Ndola, Zambia, na dada mmoja wa Comoro aliyenyoosha miguu juu ya begi lake.

Yaani ile stendi niliyokuwa naililia miaka yote, ndiyo hiyo. Watu wanatoka kwao wanakuja kuunganishia kwetu. Dar siyo tena mahali pa kuzungushwa, na sisi tunawazungusha wengine. Na wa kwanza kuzungushwa mbele ya macho yangu ni mteja wangu, anaipita fremu yangu juu kwa juu kwenda kununua kwa yule yule Mchina ninayenunua mimi.

Niliwaza kumkwepa. Nikashindwa, maana aliniuliza choo kiko wapi, kisha akaniuliza atapata wapi chakula cha bei ya kibinadamu, nikamwambia bei za uwanja wa ndege ni hizi popote duniani, nikamkatia nusu ya chapati zangu. Kwenye ndege alikaa safu ya nyuma yangu. Guangzhou aliniomba nimpeleke kwenye duka la pochi za shanga. Nilimpeleka la pili kwa ubora. Mniwie radhi, na mimi nina watoto.

Safari ya tatu ndiyo iliyoniuma mfukoni. Ndege ya moja kwa moja haiondoki kila siku, na tarehe niliyoitaka mimi haikuwapo. Za kupitia kwa jirani zilikuwapo tele. Nikasema nasubiri. Nikasubiri siku nne, mzigo ukachelewa siku nne, na ilikuwa kuelekea Idi. Wanaojua Kariakoo wanajua siku nne kabla ya Idi ni nini. Wenzangu waliopita huko nisikokutaka walifungua shangazi kaja zao mapema, mtaa mzima ukajaa mkoba ule ule wa mnyororo wa dhahabu, mimi nikaja kuutandika kwa bei ya kubembeleza. Shemeji hakusema kitu. Alinunua tu kikokotoo kipya akakiweka mezani upande wangu.

Basi kwa anayetaka ushauri. Kama mzigo wako una msimu, panda kinachoondoka, hata kikipitia mwezini. Kama unasafiri na mzazi, au ndiyo mara yako ya kwanza na Kiingereza kinakupa homa, lipa hiyo tofauti uende moja kwa moja, hutajuta. Angalia kilo kabla ya bei: begi moja la ziada linaweza kula unafuu wote ulioupata kwa kuzunguka. Ukiunganisha mahali, acha nafasi ya saa tatu nne katikati, na kadi ya manjano iwe mkobani. Na kwa wanaokwenda Ulaya, mapenzi ya twiga hayatakufikisha kwa sasa: Umoja wa Ulaya uliiweka Air Tanzania kwenye orodha ya wasioruhusiwa Desemba 2024, na Juni 2025 ukaongeza mashirika yote yaliyosajiliwa Tanzania, wakitaja masuala ya usalama. Shemeji ndiye aliyenitumia habari hiyo, saa kumi na moja alfajiri, bila salamu. Niliisoma yote. Nimekata tiketi nyingine ya Guangzhou, na mtu akiniambia hapo nimetumia moyo kuliko kichwa sitabishana naye.

Kila nikirudi, Jumapili yake naenda Chanika. Bibi hajawahi kupanda ndege hata moja, pamoja na miaka yote aliyolala chini ya matumbo yake. Zawadi anayoitaka ni moja: vile vipakiti vya sukari vya kwenye ndege. Anavyo vya kila shirika nililowahi kupanda, kavipanga ndani ya kopo la Blue Band, na hakuna anayeruhusiwa kuvitia kwenye chai. Safari hii iliyopita nilimletea sita. Akavisogeza karibu na macho, akavigeuza mbele na nyuma.

"Umeshukia wapi?"

"Kwetu, bibi."

"Mwembe?"

"Sikuuona. Nilikaa upande wa pili."

Akafunga kopo. "Safari nyingine kaa upande huu," akanyoosha mkono wa kushoto, akafikiri, akanyoosha wa kulia.