Fiat Strada na Volkswagen Saveiro kwa barabara za Uporoto

Pikapu hizi mbili ndogo zilibuniwa na matawi ya Brazili ya kampuni za Ulaya, na zote huvutwa na magurudumu ya mbele. Saveiro ilitangulia mwaka 1982, ikijengwa juu ya Gol, gari lililobuniwa huko huko. Strada ilifuata mwaka 1998, ikitengenezwa Betim, Brazili.

Kwa mkulima wa Isyonje, kwenye milima ya Uporoto mkoani Mbeya, anayeteremsha viazi hadi Uyole, la kutazama kwanza ni nyuma ya gari. Strada hukalia springi za vyuma bapa, zinazostahimili lumbesa (magunia yaliyojazwa kupita kiasi) kadhaa bila bodi kulala sana, ilhali Saveiro ina springi za koili, ambazo ni tulivu zaidi gari likiwa tupu. Ugumu huja masika: mzigo ukielemea nyuma, magurudumu ya mbele hupungukiwa uzito na kuteleza kwenye mlima wenye tope. Hapo naipendelea bila kusita Strada Adventure iliyowekewa kifungo cha difu (gia inayogawa nguvu kati ya magurudumu mawili) mwaka 2008, kwa kuwa gurudumu moja likizunguka bure, la pili bado huvuta. Tena Strada iliwahi kuuzwa Afrika Kusini ikiwa na usukani wa kulia, jambo linalotufaa sisi tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara. Saveiro inamfaa zaidi mwenye duka Iringa mjini, anayetembea kwenye lami.