Kopo la Kuzuia Dubu: Uzoefu Wangu wa Usiku Mbili Porini Yosemite

Julai iliyopita nilikwenda na binti yangu wa miaka 9 kulala hemani usiku mbili katika Hifadhi ya Taifa ya Yosemite, jimbo la California, ambako tumekuwa tukiishi tangu tulipohama Tanga. Anayelala porini huko hulazimika kuhifadhi chakula chake ndani ya kopo ambalo dubu hawezi kulifungua, nami nililikodi palepale nilipochukulia kibali.

Kopo lenyewe ni la plastiki nene nyeusi, lina ujazo wa lita zipatazo 10, na likiwa tupu uzito wake unazidi kilo 1 kidogo. Uso wake ni laini, halina mpini wala ukingo, na mfuniko wake umelala sawasawa na mwili wa kopo, hivyo kucha za dubu hukosa pa kushika, na upana wake humshinda kulitia kinywani. Baadhi ya makopo ya namna hii hujaribiwa kwa kupewa dubu wenyewe, wale wanaotunzwa katika kituo kimoja cha West Yellowstone, Montana. Binadamu hulifungua kwa kuzungusha vifungo viwili kwa sarafu. Mimi niliyezoea kulipia kila kitu kwa kadi sikuwa na hata senti moja, tukaokolewa na sarafu ya shilingi 200 ya Tanzania iliyosahauliwa mfukoni mwa shanta.

Shida ilianza jioni. Kila chenye harufu hutakiwa kuingia humo, si chakula peke yake, bali hata dawa ya meno, sabuni, mafuta ya kujikinga na jua na takataka. Binti yangu hulala na dubu wa manyoya tangu akiwa mchanga, na njia nzima alikuwa akimlisha kashata ya nazi, hata kifua cha mwanasesere huyo kikawa kinanata. Nilimweleza kwamba dubu wa Yosemite, ambao huitwa dubu weusi ingawa wengi wao ni wa rangi ya kahawia, wana pua kali ajabu, na kwamba dubu wake naye angelala koponi. Alilia sana. Alichukua karibu robo ya nafasi (dubu, si mtoto), tukalazimika kumaliza dagaa na mkate wote usiku uleule.

Ili kumtuliza nilimsimulia asili ya jina la Teddy, ambalo Waingereza na Wamarekani huwaita dubu wa manyoya kama wake: mwaka 1902, huko Mississippi, Rais Theodore Roosevelt alikataa kumpiga risasi dubu aliyefungwa mtini, mchoraji wa katuni akaichora habari hiyo gazetini, na watengenezaji wa wanasesere wakalichukua jina lake la utani, Teddy. Ndiye Roosevelt yuleyule aliyeshuka Mombasa mwaka 1909 kuja kuwinda. Binti yangu akauliza kama dubu yule alifunguliwa akaenda zake. Sikutaka kumdanganya: alikuwa amejeruhiwa vibaya, na Roosevelt aliagiza auawe ili asiendelee kuteseka. Kimya kilichofuata kilinifanya nijute kuianza hadithi ile.

Usiku wa pili tulisikia kitu kikibingirika mawe kwa mawe. Tulikuwa tumeliacha kopo chini, yapata meta 30 kutoka hemani, mbali na mteremko na mto, kama tulivyoelekezwa. Asubuhi tulilikuta kichakani, limeparuzwa na kulowa mate, lakini mfuniko haukuwa umesogea hata kidogo. Dubu wa ndani alikuwa mzima, ila ananuka dagaa.

Kwa kazi yake, sina la kulalamikia. Lawama zangu ni za mgongo: ni zito, halibonyei, na hukaa vibaya ndani ya shanta. Isitoshe, kwa mama na mtoto kwa siku tatu ni dogo, hata bila abiria wa manyoya. Hata hivyo silibadilishi kwa mfuko wa kuning'iniza mtini, kwa kuwa dubu wa huko wamekwisha kujifunza kuiangusha mifuko hiyo, na dubu aliyezoea chakula cha watu huanza kuwafuata bila woga, hadi pengine askari wa hifadhi wakalazimika kumuua. Jambo hilo binti yangu alilielewa upesi kuliko nilivyotazamia. Safari ijayo nitakodi makopo mawili, na la pili amekwisha kulidai mwenyewe.